Vikombe Vilivyorudi Vimejaa: kisa cha chai ya mafundi, Rau, Moshi

Shangazi yangu alinipigia simu Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025, saa mbili asubuhi. Hakusalimia kwa urefu kama alivyozoea. "Mwanangu, njoo uone hao mafundi wako walichonifanyia." Walikuwa mafundi wangu kwa sababu mimi ndiye niliyemtafutia. Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za watu hapa Moshi, na timu ile naifahamu kwa miaka.

Nilipofika Rau nilimkuta mlangoni mwa bafu, kanga kaifunga kiunoni, anaikanyaga taili moja kwa kisigino. Ilicheza. Nikachukua mwiko, nikaugeuza, nikaanza kugonga sakafu kwa mpini, taili moja baada ya nyingine. Taili iliyoshika hutoa sauti nzito na fupi. Isiyoshika hulia tupu kama kibuyu. Sakafu ilikuwa na taili 34, na 11 zililia tupu, zote za upande wa dirisha, zote za Ijumaa.

Saruji niliinunua mwenyewe na ilikuwa nzima. Mchanga ulikuwa umechekechwa. Fundi mkuu ana zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi hii. Nilichukua asubuhi nzima kuzungumza na mmoja mmoja mpaka nikaelewa kuwa kilichoharibu sakafu ile kilianzia kwenye chai. Nakieleza kisa chote, kwa ruhusa ya shangazi na ya mafundi wenyewe, kwa sababu naona nyumba nyingi zinapita njia hii hii bila kujua.

Nyumba na watu wake

Shangazi ana miaka 63, mwalimu mstaafu, Mkatoliki, anaishi na mjukuu wake anayesoma. Kazi ilikuwa kubomoa jiko la zamani, kuweka taili jikoni na bafuni, kisha kupaka rangi. Ufundi tulipatana shilingi 700,000 kwa mkupuo, vifaa juu ya mwenye nyumba, malipo kwa awamu tatu. Tuliandika kwenye karatasi aina ya taili, idadi ya mifuko, nani atazoa kifusi, na tarehe ya kumaliza. Chakula hakikutajwa. Mimi nilikuwepo na sikukitaja, na kosa hilo nalibeba.

Upande wa pili walikuwa watatu. Fundi mkuu ni mtu wa Pasua, Mwislamu, mwenye makamo. Fundi wa pili ni kijana wa Machame aliyejifunza kazi mikononi mwake. Wa tatu ni saidia, yaani msaidizi wa mafundi, miaka 19, wa Old Moshi, anayeshuka kwa miguu kila alfajiri. Hawa vijana wawili ni Walutheri. Dini zao ningeweza kuziacha, lakini kisa hiki hakieleweki bila hizo.

Wiki ya kwanza

Walianza Jumatatu ya tarehe 24 Februari, na siku hiyo shangazi aliwakaribisha kwa kuku. Kabla ya kumchinja alimwita fundi mkuu, akamkabidhi kisu: "Baba, nichinjie wewe, tule wote." Huku kwetu jambo hili linajulikana. Mkristo mwenye shughuli anamtafuta Mwislamu wa kuchinja ili sufuria moja imfae kila aliyekuja. Nalitaja mapema ili msomaji asije akamdhania shangazi kuwa mtu asiyejua kuishi na watu. Anajua sana, na ndiyo maana kisa chake kina la kutufundisha.

Jiko lilikuwa limeshabomolewa, kwa hiyo alihamishia mtungi wa gesi varanda ya nyuma, akatundika shuka kuukuu kuzuia vumbi la grainda. Saa nne kamili chupa ya chai inatoka: chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati mbili mbili, siku nyingine viazi vitamu vya kuchemsha. Saa saba na nusu wali na maharage, au ndizi, au makande. Mjukuu akiwa hajaenda shule anapita na jagi na beseni kuwanawisha, na sabuni ipo. Sabuni hiyo si ya mapambo. Saruji mbichi inakula ngozi, na mtu aliyeshinda akishika udongo, yaani saruji iliyokorogwa na mchanga, akimega chapati kwa mkono uliosuuzwa tu kwa maji, anakula na saruji.

Vikombe alivitoa kabatini, vile vya maua anavyowawekea wageni wa Krismasi. Nimesimamia kazi kwenye nyumba zenye uwezo kuliko ya shangazi ambako fundi anatengewa kikombe kilichovunjika mkono, kinachokaa nje pamoja na brashi za rangi. Fundi hatasema neno. Atakunywa na atashukuru, ila amekwishajua anahesabiwa wapi.

Wiki hiyo hiyo, wakati chai inakwenda vizuri, kulikuwa na jambo lililopita kimyakimya. Fundi mkuu anamlipa saidia shilingi 15,000 kwa siku, anazimaliza Jumamosi, na juu yake anampa 3,000 ya kula kila mchana. Timu nyingi ninazozifahamu hapa mjini zinakwenda hivyo: aliyechukua kazi kwa mkupuo ndiye mwenye dhamana ya tumbo la saidia wake. Siku ya pili, chakula kilipotoka tena, aliwaambia vijana, "Mama anatulisha, hela ya kula naisimamisha." Hakuna aliyeona ubaya, na kwa kweli haukuwepo. Mtu hali mara mbili. Lakini kuanzia saa hiyo chai ya shangazi iliacha kuwa ukarimu mtupu. Iligeuka kuwa sehemu ya ujira wa kijana mmoja, na mwenye kuitoa hakuwa na habari.

Wiki ya mifungo miwili

Ramadhani ilianza Jumapili ya tarehe 2 Machi, na Jumatano ya tarehe 5 ikawa Jumatano ya Majivu. Mwaka huo mifungo miwili ilianza wiki moja, na katika nyumba ile ilikutana ndani ya uzio mmoja.

Jumatatu saa nne shangazi alitoka na sinia lake. Fundi mkuu aliweka mkono kifuani: "Mama, mimi nimefunga. Wape vijana." Akaendelea kupima usawa wa ukuta. Vijana wakatazamana. Aliyewafundisha kazi yuko hatua tatu kutoka kwao, koo limekauka, na wao wanaambiwa wachukue chapati mbele ya macho yake. Fundi wa pili akasema, "Asante mama, tutakunywa baadaye." Saidia akafuata maneno hayo hayo. Shangazi akaacha sinia juu ya ndoo iliyofunikwa ubao na kurudi ndani. Alipokuja kulichukua saa tano, vikombe vilikuwa vimejaa na maziwa yameshaweka utando juu. Mchana walikula, lakini nyuma ya tangi la maji, haraka haraka, wamegeuza migongo.

Jumanne vikombe vikarudi vimejaa tena. Safari hii walisema wameshiba. Siku hiyo pia saidia, akipitisha toroli uchochoroni, aligonga kioo kimoja cha dirisha la stoo kikapasuka. Aliomba radhi. Shangazi akamwambia pole, asijikate tu.

Jumatano shangazi alikwenda misa ya alfajiri, akarudi na majivu kwenye paji la uso. Kanisa lake linawabana kufunga siku hiyo walio kati ya miaka 18 na 59. Yeye ameshavuka, lakini hufunga kwa mapenzi yake. Hakuwasha gesi. Baadaye aliniambia, na namnukuu alivyosema: "Nikaona mkubwa wao kafunga, vijana hawataki, mimi mwenyewe nimefunga. Nikasema, kwa nini niwatese watu kwa harufu ya chai?" Jumatano haikutoka chai, Alhamisi haikutoka, Ijumaa haikutoka. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwa macho yake hakukuwa na cha kuambiana. Alikuwa ameacha kwa heshima.

Upande wa pili wa ukuta walisoma kitu kingine kabisa. Fundi wa pili alinieleza akiwa ameegemea geti, sauti chini: "Kaka, tulijua mama kachukia. Tulirudisha vikombe vyake siku mbili, halafu dogo akavunja kioo. Siku ya tatu chai hamna. Tukasema ndiyo hivyo, tumeshamkera." Wakapunguza hata kuomba maji. Wakapunguza maongezi. Shangazi naye akaona wamenuna, akadhani ni uchovu wa mfungo.

Na hela ya kula? Haikurudi. Hapa sikuona roho mbaya. Mtu aliyefunga, saa saba mchana inampita asiione. Fundi mkuu hakukaa kula, hakuona wengine wakila, na hakukumbuka kuwa kuna 3,000 aliyoisimamisha kwa sababu ya sufuria ambayo sasa haipo varandani. Saidia alikuwa na 2,000 mfukoni. Jumatano akala maandazi, Alhamisi akagawana chipsi na mwenzake. Ijumaa alishuka kutoka Old Moshi na chai ya rangi ya alfajiri tumboni, malipo yakiwa kesho yake.

Ijumaa

Saa tano kasoro alikoroga udongo wa bafuni, karai mbili zilizojaa. Alipeleka ndoo ya kwanza. Ya pili ikamshinda kuinua. Mjukuu wa shangazi, aliyerudi mapema shuleni, alimwona ameketi kwenye ukingo wa toroli, viganja vimeegemea magoti, vidole vinatetemeka na udongo umeanza kukauka juu yake kama glavu nyeupe. Kisha akainuka, akatoka getini kwenda genge la barabarani kuomba maandazi kwa mkopo. Mwenye genge hamjui. Akasubiri mpaka akapita bodaboda anayetoka kwao, akamkopesha buku. Mpaka anarudi, dakika arobaini na zaidi zimepita, na karai zile zilikuwa juani.

Saruji ikishaguswa na maji, muda unahesabika. Udongo wa saruji na mchanga unatakiwa uishe ndani ya saa moja hivi, na jua la Moshi la Machi kabla masika hayajashika linaufupisha muda huo. Udongo ulioanza kushika ukiuongezea maji, unalainika mkononi na kudanganya, lakini ule mshiko uliokwisha kuanza umeuvunja, na maji ya ziada yanaudhoofisha zaidi. Unakauka bila kung'ang'ania taili. Kijana hakulijua hilo kwa undani. Alijua tu kuwa karai mbili ni saruji ya watu na asingethubutu kuimwaga. Akaongeza maji, akakoroga, akapeleka.

Fundi mkuu aliupokea. Mkono wa fundi wa miaka ishirini kazini unautambua udongo uliokufa, na yeye mwenyewe hakukataa. Alisema aliuhisi mzito halafu mlegevu, akataka kusema, akaiangalia saa. Alikuwa amepanga kutoka saa kumi awahi nyumbani kabla ya futari. Akauweka.

Taili 11.

Nani alikuwa na deni

Shangazi alitaka kukata shilingi 150,000 kwenye awamu ya pili. Alikuwa na haki ya kudai sakafu nzima, na nilimwambia hivyo. Kazi mbovu ni kazi mbovu, na njaa haigeuzi udongo mfu kuwa hai. Sikutaka kisa hiki kiishie kwenye "walikuwa na njaa, tuwasamehe". Nilitaka kila mmoja ajue sehemu yake, kwa sababu bila hivyo wiki inayofuata ingekwenda kama iliyopita.

Kwa mapatano yetu shangazi hakudaiwa chai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Cha kunywa ndani ya dakika hizo inawaachia watu wenyewe. Mwenye deni la chakula cha yule kijana alikuwa fundi mkuu, kwa maneno yake mwenyewe, na deni hilo lilikuwa limejificha nyuma ya ukarimu wa mtu mwingine.

Nadhani hapa ndipo wenye nyumba wengi hawapaoni. Ukiwalisha watu wa fundi, huongezi tu chapati kwenye siku yao. Unagusa hesabu iliyopo kati ya fundi na saidia wake, hesabu ambayo hukuletewa uione. Ukiendelea mpaka mwisho, hakuna atakayeumia. Ukikata katikati bila kusema, anayeumia ni yule wa chini kabisa, asiye na sauti ya kukuuliza wewe wala ya kumuuliza mkubwa wake. Ndiyo maana mimi namwona mwenye nyumba asiyetoa chochote kuanzia siku ya kwanza kuwa salama kuliko anayetoa siku sita na kunyamaza ya saba. Kwake saidia anajua asubuhi kwamba leo yuko kwa mama ntilie, na hela anaidai mapema.

Sehemu ya pili ni vile vikombe. Shangazi alisikia "tumeshiba" akaichukua kama taarifa ya tumbo. Amefundisha watoto wa watu miaka thelathini, anajua vizuri kwamba kwetu mgeni akikaribishwa mara ya kwanza anasema asante, nimeshiba, na mwenyeji anamkaribisha tena. Lakini hawa hakuwaona kama wageni wa kubembelezwa. Walikuwa mafundi, na mtu wa kazi tunadhani atasema anachotaka. Hasemi. Ana adabu ile ile ya mgeni, na juu yake ana adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Vikombe vile vilirudi vimejaa kwa sababu ya mahali vilipowekwa. Sinia lile lingewekwa varanda ya nyuma, fundi mkuu akiwa bafuni, vingerudi vitupu.

Ya tatu ni ya vijana wenyewe, hasa fundi wa pili, ambaye umri na nafasi vilimruhusu kusema na shangazi au hata na mimi. Namba yangu anayo. Alichagua kukisia, na siku tatu za kukisia zilimshindisha mdogo wake na njaa. Nilimwambia hivyo na hakubisha.

Kuna watu watakaosoma na kusema dawa ni kutotoa kitu, kwa kuwa fundi ukimzoesha chai analegea. Nimelisikia hili miaka yote na silikubali. Kinachomlegeza fundi ni chai isiyo na saa. Mwenye nyumba anayetokea saa tatu na nusu, udongo uko kwenye karai, anawaita kwa sauti waje wanywe ingali moto, huyo anaharibu kazi yake kwa mkono wake. Mwite fundi kabla, muulize, "Mtakoroga saa ngapi?" Chai itoke karai ikiwa tupu. Robo saa inatosha, na ile robo saa wangekaa tu kwa kuchoka hata usipowapa kitu.

Wengine wanapendelea kutoa hela. Ni sawa, hasa kama jiko lenyewe ndilo linalobomolewa na huna pa kupikia. Shangazi aliweza kwa sababu ana varanda na moyo, siyo kila nyumba ina hivyo. Unaweza pia kupatana na mama ntilie wa jirani alete sahani tatu kila siku ukamlipa mwisho wa wiki. Ila hela ukiitoa, mpe kila mmoja mkononi mwake. Ikipitia kwa mkubwa inaweza isifike, na mara nyingi si kwa wizi, ni kwa hesabu za vocha na nauli zinazoingiliana. Halafu iseme kwa jina lake: hii ni ya chakula. "Hela ya chai" kwa Kiswahili chetu imebeba mambo mengi, mengine si ya kheri, na fundi anaweza kudhani unamlainisha afanye kitu nje ya mapatano.

Maji ya kunywa sitaki hata kuyajadili. Hata usipotoa chai, jagi safi na kikombe vikae mahali ambapo mtu anajihudumia bila kugonga mlango.

Jirani mmoja wa shangazi alileta mbege Jumamosi ya kwanza, kwa nia njema kabisa. Shangazi aliiweka ndani hadi kazi ikaisha, akawapa wale vijana wakiwa wameshaosha vifaa, na fundi mkuu akapewa soda baridi. Alifanya sawasawa. Penye grainda inayokata taili hapana pombe, hata ya ulezi na ndizi tuliyokulia nayo.

Kikao cha varandani

Jumamosi saa saba niliwakalisha wote varanda ya nyuma. Mezani hapakuwa na kitu, kwa ajili ya mzee aliyefunga. Nilianza na taili, nikagonga mbele yao. Fundi mkuu hakujitetea. Akasema atazing'oa na kuziweka upya kwa nguvu zake, bila malipo.

Kisha nikauliza kuhusu hela ya kula. Kimya. Fundi wa pili akaangalia chini. Fundi mkuu akamgeukia saidia taratibu, na nikaona usoni mwake kwamba anahesabu siku.

"Dogo, siku tatu hukula na hukuniambia?"

"Ulikuwa umefunga, fundi."

Mzee yule alikaa muda bila kusema. Shangazi ndiye aliyetoa machozi. Akasema, "Na mimi nilidhani nawaheshimu." Kijana akaona kumbe leo ni siku ya kusema yote, akaomba radhi tena kwa kile kioo. Shangazi akauliza, "Kioo gani?" Alikuwa ameshakisahau.

Tuliandika upya karatasi ya mapatano, safari hii na mstari wa chakula. Mwenye nyumba atatoa chai saa nne na chakula saa saba na nusu, siku za kazi zote, mpaka mwisho. Siku asiyoweza atasema jana yake, na hela ya kula ya fundi mkuu inarudi siku hiyo bila kuombwa. Shilingi 9,000 za siku tatu zilitolewa pale pale. Shangazi hakukata chochote kwenye awamu ya pili, akanunua boksi moja la taili kwa zile zitakazovunjika wakati wa kung'oa.

Kuanzia Jumatatu ya tarehe 10 fundi mkuu alianza kazi saa moja na kuondoka saa tisa na nusu, kwa hiyo hakuwa tena na sababu ya kuitazama saa akiwa ameshika udongo. Chai ilipotoka, yeye alikuwa sebuleni ambako shangazi alimtandikia mkeka apumzike, na maji ya kutawadhia yalikuwa tayari. Vijana walisita tena siku ya kwanza. Akawaambia kwa sauti kutoka ndani, "Kunyweni. Funga yangu haivunjwi na kikombe chako." Ijumaa ilikuwa makande, kwa kuwa shangazi hapiki nyama Ijumaa za Kwaresima. Kila alipoondoka fundi mkuu alikuta mfuko kwenye ngazi: ndizi mshare, siku nyingine magimbi, za kwenda kupikia futari kwake.

Kazi ilikwisha tarehe 26 Machi. Niligonga sakafu yote, taili 34, na zote zilijibu kwa sauti moja.

Siku ya Idi, Jumatatu ya tarehe 31, mtoto wa fundi mkuu alipanda Rau na hotipoti ya pilau. Shangazi aliikalisha wiki tatu baada ya kuiosha, akawa anaizungukia, kwa maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu na yeye alitaka kurudisha kitu cha maana. Jumatatu ya Pasaka ikarudi Pasua imejaa ndizi nyama. Nyama aliinunua buchani Mbuyuni, akauliza kwanza nani amechinja. Aliyeibeba, kwa daladala, akiwa ameishika mapajani kwa mikono miwili, ni yule saidia.